Nani atabaki na mtoto? Shajara ya mradi wa likizo, Lancaster 2025

Januari 11, Jumamosi

Leo tumekaa wanne jikoni kanisani: mimi, mchungaji, kijana wa chuo anayesomea ualimu, na mwalimu mstaafu wa Kimarekani ambaye watoto wote humwita Bibi Hesabu. Nje theluji, ndani chai ya tangawizi, mezani daftari la mahudhurio la mwaka jana. Nimeamua safari hii niandike shajara, maana mwaka jana hatukuandika kitu na sasa kila mtu anakumbuka lake.

Kwa asiyetujua: Lancaster ni mji mdogo wa Pennsylvania, kilomita mia na kitu magharibi mwa Philadelphia. Wakimbizi wamepokelewa hapa miaka nenda miaka rudi. Watoto wetu wengi ni Wakongo ambao Kongo yenyewe hawaijui. Wamezaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Mimi ni mtu wa Kasulu. Utotoni nilikuwa naona malori ya msaada yakipita kuelekea kambini, na leo watoto wa kambi ileile wananiita mwalimu katika mji ambao mkokoteni wa farasi wa Waamishi, Wakristo wasioendesha magari, unasimama taa nyekundu pamoja na magari. Kambini walisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, nyumbani wakaongea Kiswahili na Kibembe, huku wameingizwa kwenye Kiingereza kama mtu anayesukumwa mtoni.

Likizo ya kiangazi (wenyewe tunaiita "sama" tu, hakuna anayejisumbua) inaanza Juni na kwisha mwishoni mwa Agosti. Ndiyo likizo tunayoipangia mradi wetu wa vipindi kwa watoto hawa.

Hesabu za mwaka jana: walioandikishwa 41, waliofika siku ya kwanza 33, waliobaki wiki ya mwisho 17. Nimepitia majina na kalamu nyekundu. Wavulana walidumu kwa sababu ya mpira. Waliopotea ni wasichana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, tisa kwa mkupuo, baada ya wiki ya pili. Kijana wa chuo akasema labda vipindi viliwachosha, tuongeze sanaa. Mchungaji akatikisa kichwa.

"Si vipindi. Mama zao wako kiwandani. Nani abaki na mtoto?"

Tulinyamaza kidogo. Mwaka jana tulikuwa na bajeti ya madaftari, ya basi la kwenda bwawani, hata ya fulana. Swali hilo halikuwa na mstari wake.

Februari 1, Jumamosi

Siwezi kuandika ya mradi nikaruka haya. Rais mpya alisitisha upokeaji wa wakimbizi siku ileile ya kuapishwa, Januari 20. Familia mbili za hapa zilikuwa zinangoja ndugu kutoka Nyarugusu, mmoja alishafanyiwa vipimo vyote na kuuza vyombo vyake. Shirika lililokuwa likituletea majina ya watoto wapya limeanza kupunguza wafanyakazi. Mchungaji anasema mwaka huu tusitegemee mtoto mpya hata mmoja, tushughulike na waliopo.

Februari 22, Jumamosi

Semina ya chakula. Wiki hii nimejifunza kwamba mpango wa chakula cha kiangazi wa serikali kuu una sheria kuliko ndoa.

Unavyofanya kazi ni hivi. Kama eneo lenu angalau nusu ya watoto wana haki ya chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, mnaweza kuwa kituo cha wazi. Kituo cha wazi hakiulizi jina wala karatasi: yeyote wa miaka kumi na minane kushuka chini akitokea saa ya chakula, anakula. Mdhamini anawaletea masanduku, nyinyi mnapima joto (cha baridi kisipite nyuzi 5), mnagawa, mnaweka alama moja kwa kila sahani inapotoka mkononi. Si kabla, si baadaye kwa kukumbuka. Mtoto anakula palepale. Anachoweza kuruhusiwa kuondoka nacho ni kitu kimoja, tunda, mboga au cha nafaka. Maziwa hayaondoki.

Mtu mzima haguswi na mpango huu. Nikauliza, na mama aliyekuja na watoto wake watano? Mtoa semina akajibu kwa upole wa mtu aliyeulizwa mara nyingi: ale chakula chake.

Machi 15, Jumamosi

Vyeti. Pennsylvania haimwachi mtu akae na watoto wa watu, hata kwa kujitolea, kabla hajapata cheti cha polisi wa jimbo na kingine kinachothibitisha kwamba hajawahi kutajwa kwa kumdhuru mtoto. Ambaye hajafikisha miaka kumi mfululizo jimboni anaongeza cha tatu, cha alama za vidole. Vikipatikana vinadumu miaka mitano. Sina ugomvi na sheria hiyo hata kidogo. Ugomvi wangu ni fomu ya cheti cha pili, ambayo inataka anwani zote ulizoishi tangu mwaka 1975 na majina ya watu wote ulioishi nao nyumba moja tangu mwaka huo.

Tumempata bibi mmoja wa Fizi ambaye tunataka awe mkuu wa kona ya watoto wadogo. Amelea wajukuu kumi na mmoja na sauti yake haijawahi kupanda. Nimekaa naye tangu saa nne mpaka saa nane mchana kwa fomu moja.

"Anwani ya kwanza, bibi."

"Kwa baba."

"Mtaa?"

"Hakuna mtaa. Kwa baba."

Tukaandika jina la kijiji, Fizi, Kivu Kusini. Baada ya hapo vita, mtumbwi, ziwa, Kigoma, Nyarugusu: zoni, kijiji, namba ya ploti. Ile ya kambi aliitaja bila kufikiri, kama mtu anavyotaja namba yake ya simu. Tukahamia jedwali la watu. Lina nafasi ya jina, uhusiano, umri wa sasa, jinsia. Kaka yake mkubwa: nikaandika jina. Uhusiano: kaka. Umri wa sasa.

Nikasimamisha kalamu. Yeye akaelewa kabla yangu.

"Huyo hana umri wa sasa," akasema. "Endelea na mwingine."

Walikuwa sita wa namna hiyo. Tuliandika "marehemu" kwa Kiingereza kwenye nafasi ya umri, na Bibi Hesabu akapiga simu ofisini kuuliza kama inakubalika. Inakubalika.

Jana, Machi 14, imetoka amri ya kuipunguza taasisi ya serikali kuu inayofadhili makumbusho na maktaba. Maktaba inayotuazima vitabu inasema haijui itaweza kutoa nini Juni. Kaulimbiu ya mwaka huu ya maktaba nyingi za Marekani ni kuupaka ulimwengu rangi, na tulishaahidiwa vifaa vya kuchorea. Nimeandika "labda" mbele ya kila kimoja.

Aprili 12, Jumamosi

Alhamisi nilikuwa Harrisburg, mkutano wa siku moja wa watu wanaoendesha vipindi vya nje ya shule. Treni yetu hii ni moja tu, inakwenda Harrisburg upande mmoja na Philadelphia upande mwingine. Mtu wa Lancaster hana sababu ya kukosa mkutano isipokuwa nauli.

Mikutano hii ina mtindo wake. Kwanza mnaonyeshwa grafu inayoshuka: watoto wanasahau masomo likizoni. Hoja yenyewe ni ya siku nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walianza kuwafuatilia watoto wa darasa la kwanza Baltimore mwaka 1982, wakaona watoto wa maskini na wa wenye nacho wanakwenda karibu sawa shule zikiwa wazi, na kuachana zikifungwa. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 na kupata kwamba kwa wastani mtoto anarudi nyuma kama mwezi mmoja. Baadaye wametokea wenye mashaka. Paul von Hippel mwaka 2019 aliuliza waziwazi kama hasara hiyo ipo au ni ya mitihani iliyotumika kupima. Nilifurahi kwamba mtoa mada alimtaja, wengi humruka.

Kwa watoto wetu mimi grafu hiyo sishughuliki nayo sana. Mtoto aliyefika miaka miwili iliyopita hasahau hesabu za sehemu, anapoteza miezi miwili ya kusikia Kiingereza. Likizo nzima iko Kiswahili, Kibembe na YouTube.

Lililoniingia ni jingine. Taasisi ya utafiti ya RAND ilifuatilia programu za kiangazi za hiari katika miji mitano, Pittsburgh ya jimbo letu ikiwemo. Waliopata faida ya kueleweka ni waliohudhuria siku 20 au zaidi. Nikafungua kalenda yangu palepale. Tunaanza Juni 23, Jumatatu hadi Alhamisi, wiki sita, mwisho Julai 31. Jumla siku 24. Mtoto ana siku nne tu za kuugua, kusafiri, kulala, na kubaki na mdogo wake.

Niliporudi nikawaambia wenzangu: fulana tunafuta. Hela ya fulana inakwenda kwenye kona ya watoto.

Mei 10, Jumamosi

Mpango umekaa hivi, na sifa ni ya mwanasheria wa kujitolea aliyetusomea kanuni. Kulea kundi la watoto wadogo ilhali wazazi hawapo kunataka kibali cha jimbo, ambacho hatuna na hatutakipata kabla ya Juni. Mzazi akiwa ndani ya jengo ni jambo jingine. Kwa hiyo tunafungua darasa la akina mama chumba cha pili, saa tatu mpaka saa saba mchana, saa zilezile za watoto wakubwa. Bibi Hesabu anafundisha: barua za shule, bili ya umeme, jinsi ya kumwambia daktari "hapana, sijaelewa". Katikati, ukumbini, mkeka wa bibi wa Fizi na wasaidizi wawili. Binti anakuja na mdogo wake, mama anakuja na wote, kila mmoja anaingia mlango wake.

Kasoro tunaiona wenyewe. Mama wa zamu ya usiku hawezi. Ndio hasa wale ambao binti zao walipotea mwaka jana.

Sambusa za Jumapili tatu zimeingiza hela ya zulia, vikombe na posho za wasaidizi wiki mbili. Wiki nne zilizobaki Mungu anajua.

Juni 5, Alhamisi

Simu yangu haijapoa tangu jana usiku. Limetoka tangazo la kuzuia raia wa nchi kadhaa kuingia Marekani, kuanza tarehe 9, na katika orodha lipo neno Kongo. Nimelisoma mara tatu ili niwe na uhakika: ni Jamhuri ya Kongo, ya Brazzaville. Kongo ya Kinshasa, ya kwao, haimo. Burundi imo kwenye kundi la vikwazo vya nusu. Nimeandika hivyo kwenye grupu la WhatsApp kwa herufi kubwa, mchungaji akatuma kwa sauti kwa wasiosoma. Hata hivyo akina mama wanne wamejitoa. Mmoja ameniambia, "Dada, mahali penye majina yetu yote kwenye daftari moja sikuyi." Sikuwa na cha kubishana naye.

Tumekubaliana: daftari linabaki na jina la kwanza tu, na usiku nalala nalo kwangu.

Juni 26, Alhamisi

Wiki ya kwanza imekwisha na sijui nianzie wapi. Tumeanza na joto kali. Jumanne Philadelphia iligonga nyuzi 38, na sisi hatukuwa nyuma. Ukumbi wa juu hauna kiyoyozi, mafeni mawili yalikuwa yanahamisha moto kutoka kona hii kwenda ile. Jumanne tukafunga. Siku 23.

Jumatatu walikuja 31, na wadogo 14 mkekani. Bibi aliwapokea kwa wimbo, akawakalisha, na kwa dakika kumi hivi nilidhani tumeweza. Saa nne na nusu mmoja akalia kwa ajili ya dada yake, mwingine akaitikia, na kufikia saa tano wasichana sita walikuwa mkekani na wadogo zao, darasa la Kiingereza likabaki na wavulana. Kijana wa chuo akanitazama kama nahodha wa meli inayoingiza maji. Jana bibi akapata dawa: mlango kati ya mkeka na darasa unabaki wazi, mdogo anamwona dada yake mgongo. Akiuona mgongo anatulia. Tumehamisha meza zote ili wasichana wakae mstari wa karibu na mlango.

Chakula kimekwenda vizuri ila maziwa. Watoto wetu hawanywi maziwa ya baridi, basi. Kila siku boksi ishirini zinabaki kwenye meza ya kugawana, na akina mama wanazitazama kwa macho ya mtu anayeona chai ikimwagwa. Sheria ni sheria. Matofaa ndiyo yanaondoka, moja kila mfuko.

Jambo moja la kukumbuka. Kuna binti wa miaka kumi na minne, mwaka jana alikuwa bora kuliko wote kwa kusoma. Hakujiandikisha. Mama yake anafanya ghalani usiku, mchana amelala, kwa hiyo hawezi kuwapo jengoni, kwa hiyo pacha wao wa miaka mitatu hawawezi kuwa mkekani. Jumatano saa sita kamili nikamwona mlangoni, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi.

"Mwalimu, leo kuko chakula?"

Kituo ni cha wazi. Miaka kumi na minane kushuka chini, na pacha wana miaka mitatu. Nikaweka alama tatu.

Juni 28, Jumamosi

Chama cha Maktaba cha Marekani kinafanya mkutano wake mkuu wa mwaka mwishoni mwa Juni, yaani wiki ileile ambayo kila mwenye programu ya kiangazi amezama ndani ya programu yake. Ni kama kuwaita wakulima semina siku ya kwanza ya mvua. Mwaka huu ni Philadelphia, Juni 26 hadi 30, na kwa kuwa Jumamosi hatuna kipindi nikanunua tiketi ya bei ndogo, ya ukumbi wa maonyesho, nikapanda treni ya asubuhi.

Ukumbi una ukubwa wa kuchosha miguu. Wachapishaji wanagawa bure nakala za awali, vitabu ambavyo bado havijatoka, vimeandikwa juu kwamba haviuzwi. Nimechukua kumi na vinane vya vijana. Kila meza nimeuliza swali moja: mna cha Kiswahili? Meza moja walinionyesha cha watoto wadogo, lugha mbili, picha nzuri sana, na ukurasa wa pili mtoto anasema "hii ni kitabu langu". Nikakirudisha taratibu. Nilijitolea kuwasahihishia, wakanipa kadi.

Nilikaa kwenye mazungumzo kuhusu mahudhurio. Zawadi, vibandiko, bahati nasibu ya baiskeli, ujumbe wa simu kila asubuhi. Nikanyoosha mkono nikauliza wanafanyaje kwa binti mwenye wadogo wa kulea. Msemaji alisema ni swali zuri. Anayesema hivyo mara nyingi hana jibu, na huyu hakuwa nalo.

Jibu nililipata kwenye foleni ya choo. Dada mmoja wa Kisomali anayeishi Minnesota, amekulia Nairobi, alisikia swali langu akanifuata. Kiswahili chake cha mtaa wa Eastleigh kilinifurahisha kuliko hotuba zote.

"Sisi tuliacha kumwandika mtoto mmoja mmoja," akasema. "Ukiandika binti, unaandika na mdogo wake, mstari mmoja. Asipokuja, usiulize 'mbona hukuja'. Uliza 'mdogo wako ako aje?' Hapo ndio utaambiwa ukweli."

Aliniambia pia kwamba wenye maktaba za umma wanakutana Minneapolis mwakani, Aprili 1 hadi 3, niende nilale kwake. Nimeandika.

Chakula cha mchana nimekula Reading Terminal Market, soko la tangu mwaka 1893, mlango wa pili kutoka ukumbini. Nimepanga foleni ndefu, nimelipa bei ya mjini, na aliyenihudumia ni binti wa Kiamishi aliyeamka alfajiri kutoka kwetu Lancaster. Tulicheka wote wawili.

Kamba ya mfuko wa vitabu imekatika stesheni ya Mtaa wa Thelathini. Nimevibeba kifuani kama mtoto.

Julai 1, Jumanne

Jana hawakuja tisa. Nilikuwa nimesahau Juni 30 ni siku ya uhuru wa Kongo. Leo wamekuja na macho mekundu ya ngoma, na leo hawakuja Warundi watatu, kwa kuwa Julai mosi ni ya kwao. Mwakani kalenda ipangwe na mtu mwenye akili.

Daftari jipya limeanza: mstari mmoja, binti na mdogo wake.

Julai 16, Jumatano

Siku mbaya. Basi tulilokodi kwenda bwawani halikuja. Kampuni inasema tuliomba Alhamisi, sisi tuna barua pepe inayosema Jumatano, na watoto 30 wenye taulo mabegani hawataki kusikia habari za barua pepe. Bibi aliokoa jahazi. Aliwaita wote, wakubwa kwa wadogo, chini ya mti wa kanisa.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!" Wavulana wenye ndevu zinazoota waliitikia kwa sauti kuliko wadogo.

Alisimulia ya sungura na fisi kisimani, saa nzima, Kiswahili cha Fizi, "banyama" na "bantu" na yote. Bibi Hesabu alikuwa amekaa nyuma haelewi neno, akaona jinsi walivyonyamaza. Akaniuliza: wanaweza kuniandikia mimi alichosema? Basi. Ndiyo kazi yetu ya kuandika kuanzia kesho mpaka mwisho: kila kundi linachukua hadithi moja ya bibi, linaiandika Kiingereza kwa ajili ya mtu mmoja anayetaka kweli kujua. Miezi yote nilikuwa nahangaika na mada za insha.

Kubishana kwao leo jioni: fisi "alidanganywa" au "alijidanganya"? Kiingereza kinataka uchague. Wamekaa nalo dakika ishirini, na mvulana ambaye wiki tatu hajasema sentensi nzima ndiye aliyeshinda.

Julai 24, Alhamisi

Hela ya wasaidizi imekwisha wiki iliyopita. Wamekuja hivyo hivyo. Tumewapa sukari na mchele, na aibu yetu.

Binti wa pacha anakuja kila siku saa sita. Nimeanza kumwekea kitabu kimoja cha Philadelphia kwenye meza ya mwisho. Anakula kwa mkono wa kulia, kushoto anazuia pacha wasipande juu ya meza, na kitabu amekiegemeza kwenye boksi la maziwa. Anapata kama dakika ishirini na tano. Saa sita na nusu anakifunga, anaweka kipande cha leso ya karatasi alipofikia, anaondoka. Mama yake anaamka saa saba.

Nilimuuliza mama kwa simu kama bibi anaweza kusimama badala yake. Alisema yuko tayari kuandika barua. Mwanasheria anasema barua haitoshi. Hata ikija kutosha, likizo itakuwa imekwisha, anasema pia, na hapo hakukosea.

Julai 31, Alhamisi

Mwisho. Tumepika wali, maharage na sombe (kisamvu), kwa hela yetu, mtu mzima na mtoto wote wakala. Hadithi saba zimebandikwa ukutani na michoro yake. Rangi zilikuja, zile nilizoziandikia "labda".

Hesabu usiku huu, kalamu nyekundu tena. Walioandikishwa 38. Waliobaki wiki ya mwisho 29. Waliofikisha siku 20 kati ya 23 ni 22. Kati ya wale wasichana tisa wa mwaka jana, sita walirudi na watano wamemaliza. Mkekani hakuna siku walipungua kumi.

Daftari la chakula nalo lina habari yake. Binti wa pacha: siku 20 za chakula, yeye na wadogo zake. Daftari la darasa: hayumo kabisa. Kwenye taarifa ya wafadhili kuna kisanduku cha mahudhurio ya masomo, na nimekaa na kalamu juu yake muda mrefu. Nimeacha kama ilivyo, ila pembeni nimeandika kwa penseli: dakika 25 kwa siku, mezani.

Agosti 9, Jumamosi

Tumefua mkeka, tumerudisha viti vya kuazima, viwili vimevunjika na tutavilipa. Ya kufuatilia kabla ya theluji: kibali cha jimbo cha kulea watoto (fomu ziko kwangu, mwanasheria anasema tuanze Septemba), nauli ya Minneapolis, na kadi ya wale wa "kitabu langu", ambao hawajajibu.

Mchana binti amegonga kwangu, pacha wote wawili nyuma yake. Amerudisha kitabu. Kurasa kama nne katikati zimegandana kwa maziwa, akaniomba radhi kwa hizo, akasema hata hivyo alizisoma kabla hazijamwagikiwa. Akauliza kama nina sehemu ya pili.

Nimemwambia hata hii ya kwanza bado haijafika madukani.

"Kumbe," akasema, akakitazama tena jalada. "Basi nitakuya kuuliza tena."